Nyumba ya Kwihara na Vijiji Vyake: Tathmini ya Makumbusho ya Livingstone, Tabora

Mhudumu wa nyumba ya wageni niliyolala mjini Tabora aliniambia, kwa uhakika wa mtu ambaye hajawahi kufika, kwamba kule Kwihara hakuna tena kitu cha kuona na kwamba nyumba yenyewe imefungwa miaka mingi. Nilimshukuru, nikanywa chai, nikatoka kutafuta pikipiki. Saa moja baadaye nilikuwa nimesimama mbele ya mlango uliochongwa, na mzee aliyenipokea alikuwa tayari amekwisha kuniandikisha kwenye daftari la wageni. Naanza na jambo hili kwa sababu wasomaji wengi watakaopita Tabora watakutana na jibu la namna hiyo, nami ningependa wasilikubali. Makumbusho ya Kwihara yapo, yanafikika, na kwa mtu anayejali historia ya bara la Tanzania, hayana budi kuonwa. Ila yana namna yake ya kuonwa, na namna hiyo ndiyo niliyokusudia kuieleza.

Hii ilikuwa safari yangu ya tatu. Ya kwanza nilikuwa mwanafunzi, na nilichokumbuka baada yake ni mlango na maembe. Ya pili ilikuwa ya haraka, ya mtu anayesubiri treni ya jioni, na nilirudi nikidhani kwamba nimeona nyumba tupu. Safari hii nilijipa siku mbili, nikaenda kwa miguu pale ambapo zamani nilipita kwa magurudumu, ndipo nikaelewa kwamba kosa la safari zile mbili lilikuwa langu. Nyumba ya Kwihara haisomeki peke yake, kwani ni ukurasa mmoja wa kitabu ambacho kurasa zake nyingine ni vijiji jirani vya Itetemia na Ituru, vilima vya mawe na njia za miguu zinazoviunganisha. Anayefungua ukurasa huo mmoja na kuondoka ataona kuta za udongo na karatasi ukutani, basi.

Kutoka mjini ni mwendo wa kilomita sita au zaidi kidogo, upande wa kusini-magharibi. Dereva wa pikipiki tuliyepatana naye alinishusha kabla ya kufika, akidai kwamba tumekwisha fika, kisha akageuza akarudi na nauli yake kamili. Nilimwona akiishia kwenye vumbi nikiwa na hasira, lakini kama angenifikisha hadi mlangoni nisingepita katikati ya mashamba kwa miguu. Ilikuwa Novemba, mvua za kwanza zimenyesha mara mbili tu, na watu walikuwa wakiinua matuta. Matuta ya Wanyamwezi ni kitu cha kutazamwa kwa makini: marefu, yamenyooka, mtu hupanda viazi vitamu, karanga au mahindi juu yake, na nyasi za msimu uliopita hufukiwa ndani yake zikaoza na kuwa mbolea. Miembe imesimama kandokando ya njia na katikati ya mashamba, mikubwa, yenye vivuli vinavyoweza kukusanya mkutano wa kijiji kizima. Miembe hiyo ililetwa na wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili kutoka pwani katika karne ya 19, na kila mahali misafara ilipotua, kokwa zilibaki. Ukitaka kujua njia ya misafara ilipita wapi katika nchi hii, fuata miembe mikongwe, na mara nyingi hutapotea.

Nyumba yenyewe ni tembe. Neno hili wasomaji wa Dodoma na Singida wanalifahamu vyema kwa nyumba za Wagogo, ambazo ni za chini na zenye paa bapa la miti lililofunikwa kwa udongo. Tembe la Kwihara lina msingi huo huo wa fikra, lakini limekuzwa kwa kipimo cha tajiri wa pwani. Kuta ni nene, zimepakwa rangi nyekundu iliyokolea, rangi ya ardhi yenyewe, kiasi kwamba mtu anayelitazama kwa mbali saa ya jua kali huona kama ardhi imeinuka kidogo ikajifanya nyumba. Paa ni bapa, vyumba vimezunguka ua wa ndani, na mbele kuna mlango wa mbao uliochongwa kwa mtindo wa Zanzibar. Nilisimama mbele ya mlango huo kwa muda mrefu kuliko nilivyosimama mbele ya kitu kingine chochote ndani. Mji wa Tabora uko zaidi ya kilomita 700 kutoka baharini, na misafara ilitumia miezi mitatu au zaidi kuufikia kutoka Bagamoyo. Kuweka mlango wa namna hiyo hapa, katika nchi ya miti ya mitundu na mininga, kulikuwa ni kutangaza kwa kila mpita njia kwamba mwenye nyumba hakuja kwa msimu mmoja.

Unene wa kuta una faida ambayo msomaji ataitambua mara tu atakapoingia. Nje palikuwa na joto la kabla ya mvua, lile joto zito linalofanya mbuzi walale katikati ya mchana. Ndani palikuwa na ubaridi wa mtungi. Mzee aliyenitembeza aliweka kiganja chake ukutani, akaniambia, "Weka na wewe mkono hapa, mwanangu, usikie." Niliuweka. Ukuta ulikuwa baridi kama tumbo la chungu, na hapo nikaelewa kwa nini watu waliotoka pwani, waliozoea matumbawe na chokaa, walikubali bila kusita kujifunza udongo wa bara. Nyumba ya tembe lakini ni kama mgonjwa wa kudumu, kwa maana kila msimu wa mvua inahitaji mtu wa kuitazama, kuziba, kukandika na kubadilisha mti uliooza. Kusimama kwake hadi leo ni kazi ya mikono ya vizazi vya watu wa hapa, na sifa hiyo naitoa kwanza kabla ya kusema lolote kuhusu vilivyomo ndani.

Vilivyomo ndani ni vichache. Kuna ramani za safari, nakala za barua na maandishi, picha na maelezo ya ukutani kuhusu wasafiri wa karne ya 19 na biashara ya pembe na watumwa. Anayetarajia makabati yaliyojaa vitu vya fedha na shaba atarudi akilalamika. Mimi sikulalamika, kwa sababu thamani ya mahali hapa imo katika mambo yaliyotokea ndani ya vyumba hivi na katika kinywa cha anayekutembeza. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: usizunguke peke yako ukisoma kuta. Mwamkie mwenyeji wako, mpe muda, muulize maswali, kisha nyamaza umsikilize. Maelezo niliyopewa yalichukua karibu saa mbili, na kiingilio nilicholipa kilikuwa kidogo kuliko nauli ya pikipiki.

Sasa nieleze kilichotokea, kwa kuwa bila hicho tathmini hii haina maana. Katika mwezi wa Juni 1871, Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, alifika Unyanyembe, yaani nchi hii inayouzunguka mji wa Tabora, kutoka Bagamoyo akimtafuta David Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti, akapewa nyumba hapa Kwihara. Hakuweza kuendelea moja kwa moja hadi Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, kwa sababu Mtemi Mirambo alikuwa ameifunga njia ya magharibi katika vita vyake na Waarabu wa Tabora. Stanley akajiunga na upande wa Waarabu kwenda kumpiga Mirambo, wakashindwa vibaya, na mwezi Agosti Mirambo akaujia mji wa Tabora wenyewe, akauchoma. Moshi wa Tabora ulionekana kutoka hapa. Stanley akatoboa matundu ya bunduki katika kuta za udongo za nyumba yake, akakaa na watu wake wakisubiri kuvamiwa. Mirambo hakuja Kwihara. Mwezi Septemba Stanley aliondoka akizunguka kwa njia ya kusini, na ndipo walipokutana na Livingstone Ujiji kabla mwaka 1871 haujaisha.

Mzee alinitoa nje katika sehemu hii ya simulizi, akaniashiria upande wa mji. Mtu anaposimama pale na kutazama vilima vya mawe vinavyolizunguka bonde, anaona kwa macho kwa nini wafanyabiashara walilipenda: kuna maji, kuna udongo unaokubali mazao, na kuna vilima vya kumwona adui kabla hajafika. Habari za Mirambo, ambaye jina lake limebaki katika wilaya ya Urambo, haziwezi kuelezwa ndani ya chumba kilichofungwa. Zinataka upeo wa macho. Kama ningekuwa na uwezo wa kupanga ziara hii upya, sehemu ya Mirambo ingesimuliwa nje daima, chini ya mwembe, msikilizaji akitazama upande moshi ulikotokea.

Tarehe 18 Februari 1872, Stanley na Livingstone walifika hapa pamoja kutoka Ujiji. Tarehe 14 Machi Stanley akaondoka kurudi pwani, akiwa amebeba shajara na barua za mwenzake, na kwa ahadi ya kumtumia wapagazi wapya. Siku tano baada ya kuagana, Livingstone alitimiza miaka 59 akiwa peke yake Mwingereza katika bonde hili. Kisha akasubiri. Alisubiri miezi mitano kamili, kuanzia 14 Machi hadi 14 Agosti, siku ambayo wapagazi 57 waliotumwa na Stanley walifika. Katika miezi hiyo aliandika, alihesabu njia, alijaribu kutengeneza jibini kwa maziwa ya ng'ombe kwa ajili ya safari, akasikiliza habari za vita ya Mirambo zilizokuja na kila mpita njia. Tarehe 25 Agosti 1872 aliondoka kuelekea kusini, na hakurudi akiwa hai.

Jambo moja katika muda ule wa kungoja lilinigusa kuliko yote. Tarehe 1 Mei 1872, mwaka mmoja kamili kabla ya kifo chake, Livingstone aliandika barua kwa gazeti la New York Herald kuhusu biashara ya watumwa, akaomba baraka za Mungu kwa kila mtu, awe Mmarekani, Mwingereza au Mturuki, atakayesaidia kuponya kidonda hicho cha dunia. Maneno hayo ndiyo yaliyochongwa juu ya kaburi lake katika kanisa la Westminster Abbey, London. Maelfu ya watu huyasoma kila mwaka bila kujua kwamba yaliandikwa Unyanyembe, katika nchi ya matuta ya viazi. Na yaliandikwa na mtu aliyekuwa jirani wa wafanyabiashara ambao misafara yao ilipitisha pembe na binadamu mbele ya milango kama huu. Ukweli huo haupendezi, na ninafurahi kwamba mzee hakuuzunguka. Alisema wazi kwamba waliopita hapa wamefungwa minyororo walikuwa wengi, na kwamba uzuri wa mlango haufuti hilo.

Hata hivyo, kwangu mimi kilele cha habari ya nyumba hii hakimo katika miezi sita ya Livingstone. Kimo katika Oktoba 1873. Livingstone alikufa mwanzoni mwa Mei mwaka huo katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa jua, wakaufunga kwa nguo na gome la mti, wakaanza kuubeba kwenda baharini. Jacob Wainwright, mmoja wa wale 57 waliofika Kwihara Agosti 1872, ndiye aliyechonga maandishi kwenye mti ule na kusoma sala za maziko. Baada ya miezi mitano ya mwendo walifika Kwihara, na hapa wakamkuta Luteni Verney Lovett Cameron, aliyekuwa ametumwa kutoka Uingereza kumsaidia Livingstone. Cameron aliona ni afadhali mwili uzikwe papa hapa, kwa kuwa njia ya mbele ilikuwa ya hatari. Wakakataa. Watu ambao kwa utaratibu wa dunia ya wakati ule walitakiwa kupokea amri ya ofisa Mzungu na kuitii, waliisikiliza, wakaipima, wakasema hapana, wakajitwisha mzigo wao.

Safari yao iliyobaki ilikuwa na werevu wa aina yake. Walipofika Kasekera, siku chache mashariki ya hapa, wenyeji hawakukubali maiti ipite katika nchi yao. Wapagazi wakaufunga upya mwili uonekane kama robota la nguo, wakatengeneza mzigo mwingine wa bandia uliofanana na maiti, wakatuma watu waonekane wakiurudisha Unyanyembe kuuzika, na robota la kweli likapita kimya hadi Bagamoyo, lilikofika Februari 1874. Tarehe 18 Aprili mwaka huo mazishi yalifanyika London. Wainwright alikuwepo. Susi na Chuma hawakuwepo, maana walipelekwa Uingereza baadaye, kaburi likiwa limekwisha kufunikwa.

Kwa hiyo natoa rai yangu bila kuificha: jina la nyumba hii lina upungufu. Livingstone ni mgeni aliyekaa miezi sita na wiki moja, na heshima yake haitapungua hata kidogo iwapo jina lake litasimama pamoja na majina mengine. Ningependa kuona siku moja chumba kizima cha Susi, Chuma, Wainwright, Halima mpishi wa Livingstone na wapagazi wa Kinyamwezi ambao mabega yao yalibeba biashara yote ya njia ile, kila mtu na mzigo wa kilo 30 au zaidi, kwenda na kurudi pwani. Upagazi kwa Wanyamwezi ulikuwa kazi ya kujivunia. Kijana ambaye hajaiona bahari alihesabiwa kuwa bado hajakomaa. Vitu vya chumba hicho visingehitaji kutafutwa mbali, kwa kuwa wajukuu wa wapagazi wanaishi katika vijiji hivi hivi, na nyimbo na majina vimo katika nyumba zao.

Kutoka kwenye tembe nilishika njia ya miguu kuelekea Itetemia, na hapa ndipo ziara yangu ilipopata maana yake kamili. Itetemia ni makao ya watemi wa Unyanyembe. Pasipo watemi hao kusingekuwa na nyumba ya Kwihara, kwa kuwa kila mfanyabiashara aliyejenga katika bonde hili alijenga kwa ridhaa ya ikulu ya mtemi. Neno hilo lenyewe, ikulu, ambalo leo kila Mtanzania analitumia kwa makazi ya Rais, ni neno la huku kwa Wanyamwezi na ndugu zao Wasukuma. Mtemi Fundikira wa kwanza ndiye aliyewakaribisha wageni katikati ya karne ya 19. Binti yake Karunde aliolewa na Muhammed bin Juma, baba yake Tippu Tip, yule mfanyabiashara mashuhuri wa pembe na watumwa; Muhammed alikuwa na makazi Ituru, karibu na hapa, na ndoa hiyo ilifungua biashara kuliko mikataba yoyote. Mnywa Sele aliyemfuata alitaka wafanyabiashara walipe ushuru wa bidhaa zao, nao wakamwondoa madarakani, naye akawapiga vita kutoka porini kwa miaka kadhaa. Baada yake wakaja Mkasiwa na kisha Isike, ambaye Wajerumani walipoivunja ngome yake Januari 1893 alijilipua kwa baruti kuliko kushikwa mikononi mwao.

Nilisimuliwa habari za Isike na mzee mwingine, mtu wa Itetemia, tukiwa tumeketi kwenye viti vya kamba mbele ya nyumba yake. Nilimpa shikamoo, akaniitikia, kisha akanisubiri niseme "mwangaluka", salamu ya huku, na niliposema alicheka kwa furaha akaagiza nikaletewe matobolwa. Kwa msomaji wa mikoa mingine, haya ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa juani hadi vikakauka. Huliwa kwa karanga au kwa chai, na hukaa msimu mzima bila kuharibika. Wapo wanaosema jina la Tabora lenyewe linatokana nayo. Niliyatafuna huku mzee akieleza, na nikawaza kwamba chakula hiki kikavu, chepesi kubeba na kisichooza, ndicho chakula cha mtu anayekwenda mbali kwa miguu. Kipande kile mdomoni kilinieleza habari ya misafara kuliko ramani niliyoiona asubuhi.

Mzee huyo pia alinikumbusha kwamba ukoo huo wa Itetemia ndio uliotoa Chifu Abdallah Said Fundikira, waziri wa kwanza wa sheria wa Tanganyika huru. Alilisema hilo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja jirani, na kwa kweli alikuwa akitaja jirani.

Kuhusu mahitaji ya mgeni, nitasema kwa ufupi. Kula mjini kabla ya kuondoka au beba chakula, na maji yawe ya kutosha, kwani jua la Tabora kuanzia Septemba hadi mvua zinapokolea ni kali. Novemba na Desemba utapata maembe njiani kwa bei ya kuona haya kuitaja. Mama mmoja aliyekuwa akiuza chini ya mti alikataa kabisa kuniuzia matatu, akanijazia mfuko kwa bei ile ile akisema mgeni haondoki na mfuko wenye nafasi. Asali ipo vijijini, ya nyuki wa misitu ya miombo, na kabla ya kununua omba kuonja, kwa kuwa ya msimu wa maua ya mtundu ina ladha tofauti na ya misimu mingine. Viatu viwe vya kutembelea. Pikipiki mpatane nayo kwa jina la nyumba, siyo kwa jina la kijiji, na usilipe hadi uuone mlango uliochongwa.

Wengi wataniuliza kama inafaa kwenda Kwihara kwa mtu aliyekwisha kuona kumbukumbu ya Livingstone kule Ujiji, mkoani Kigoma. Nimefika kote, na jibu langu ni kwamba sehemu hizo mbili hazishindani. Ujiji ni mahali pa dakika moja mashuhuri: watu wawili walikutana chini ya mwembe, wakapeana mikono, na dunia ikaandika. Kuna ziwa jirani, kuna mji, na mtu anaelewa kila kitu kwa nusu saa. Kwihara ni mahali pa kungoja. Huku watu walingoja njia ifunguke, walingoja wapagazi, walingoja mvua, walingoja vita vipite. Mahali pa namna hiyo hapamfurahishi mtu mwenye haraka, na ndiyo sababu sishangai kwamba mhudumu yule wa mjini hajawahi kufika. Kwa mtu mwenye treni ya kuwahi saa chache zijazo, ningemshauri aende akatazame boma la Wajerumani na stesheni ya reli iliyofika Tabora mwaka 1912, aiache Kwihara hadi atakapokuwa na siku nzima.

Kwa mwenye siku hiyo, napendekeza mpangilio ulio kinyume na ule niliofuata mimi. Anza Itetemia asubuhi na mapema, umsalimie mwenyeji, usikilize habari za watemi kwanza, kwani wao ndio wenye nchi. Kisha shuka kwa miguu kuja Kwihara, uingie ndani ya tembe wakati jua limekuwa kali na ubaridi wa kuta una faida. Ukitoka, kaa nje chini ya mwembe uombe kuelezwa habari za Mirambo ukitazama upande wa mji. Safari ya kurudi ianze alasiri, kwa njia ya mashambani. Wakati huo wanafunzi wanarudi nyumbani kwa makundi, na watakusindikiza bila kuombwa, wakikuonyesha kila mwembe na jina la mwenye shamba.